Mtaji Unaoyeyuka

Oktoba ya Tabora haina huruma. Mvua bado haijanyesha, miti ya miombo imeshatangulia kuchipua majani mapya kana kwamba ina taarifa zake yenyewe, na mchanga wa barabarani unachoma hadi ndani ya kandambili. Watoto wa shule ya msingi wanapotoka mchana, chini ya mwembe karibu na geti ameshakaa mama na deli lake. Kila anapofunua kifuniko hufunua kidogo tu, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

"Shikamoo mama, nipe ya ukwaju."

"Marahaba. Leo nimetia na mchaichai. Utaiweza?"

Bei ni shilingi mia, au mia mbili kwa ile nene. Mtoto anang'ata pembe ya kifuko na kuanza kufyonza. Utamu hutangulia kutoka, rangi hufuata, na baada ya dakika chache kinachobaki mkononi ni kipande cheupe kisicho na ladha yoyote. Nacho hakitupwi. Kitatafunwa, kitapitishwa shingoni, au atapewa mdogo mtu aliyekuwa akisubiri pembeni kwa subira ya asiye na hela.

Biashara hii ya shilingi mia iliwahi kuingia kwenye tafsiri ya Kurani. Fakhruddin ar-Razi, mmoja wa wafasiri wakubwa katika historia ya Uislamu, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, anapoieleza Surat al-Asr anamtaja mtu mmoja wa kale aliyesema kwamba maana ya sura hiyo aliipata kwa muuza barafu. Muuzaji huyo alikuwa akinadi huku akiwasihi watu wamhurumie mtu ambaye mtaji wake unayeyuka. Sura yenyewe ina aya 3 tu, na watoto wa madrasa za Tabora huihifadhi kabla hawajajua kurudisha chenji. Inaapa kwa wakati, kisha inasema binadamu yumo hasarani, isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na subira.

Ukisikia mfano huo kwenye mawaidha, kwa kawaida hukomea kwenye wakati: umri wa mtu ni barafu, unayeyuka utumike usitumike. Muuzaji mwenyewe husahaulika hapohapo sokoni. Lakini yeye jioni anarudi nyumbani na hesabu ambayo si ya mfano, na swali linalomhusu lina uzito wake. Maji hakuyaumba. Ukwaju ulianguka kwenye mti ambao huenda haukupandwa na mtu. Baridi haishikiki. Basi muuza barafu anauza nini hasa, na ana haki gani ya kukiuza?

Pa kuanzia ni jikoni, kwa sababu kazi yenyewe huanza usiku wa jana. Ukwaju unalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha unavinyangwa kwa mkono hadi nyama iachane na kokwa na nyuzi. Unachujwa kwa chujio, na mwenye kutaka kazi safi anachuja tena kwa kitambaa. Pembeni, mabua ya mchaichai yamefungwa fundo na kutumbukizwa kwenye sufuria pamoja na tangawizi iliyotwangwa. Yakishatoa harufu, sufuria inafunikwa na kuachwa ipoe. Mnanaa hauchemshwi. Majani yake hupondwa na kutiwa mwishoni, maana yakikaa motoni harufu inaondoka na mvuke. Embe za kienyeji, zile ndogo zenye nyuzi zinazong'ang'ania meno, zinataka kuchujwa kwa nguvu zaidi, lakini harufu yake haifikiwi na embe kubwa za kisasa.

Kisha sukari, na hapa ndipo mikono mizoefu inapojulikana. Ulimi uliopigwa na baridi hauhisi utamu sawasawa, kwa hiyo juisi ya kugandisha lazima iwe tamu kupita ile ya kunywa. Wakati huohuo sukari huyazuia maji yasigande upesi. Ukiizidisha unapata uji baridi usioshikika, na ukiipunguza sana unapata jiwe la kuvunja meno. Mpishi anaonja, anakunja uso kidogo kwa utamu, na hapo anajua imefika.

Juisi inamiminwa kwenye vifuko kwa faneli iliyokatwa kutoka shingo ya chupa ya maji. Kifuko hakijazwi hadi juu. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na kifuko kilichoshiba kupita kiasi hupasuka usiku na kuichafua friji nzima. Vifuko vinalazwa kimoja kimoja ili baridi ivifikie vyote, mlango unafungwa, na watoto wanaonywa wasiufungue. Kufikia asubuhi kazi imekwisha, au kwa usahihi zaidi, kazi imeanza kuisha. Tangu kifuko kinapotoka kwenye friji na kuingia kwenye deli, saa inahesabu kurudi nyuma.

Anayetaka kujua mtoto ananunua nini afikirie jambo moja la fizikia. Ili kipande cha barafu kiwe maji, bila hata kuongezeka joto, kinahitaji kupokea joto linalotosha kuyapandisha maji ya uzito huohuo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Joto hilo kinalichukua kinywani, kooni na kwenye kiganja cha mtoto. Usiku wa kuamkia leo mashine ya friji ililiondoa joto hilo kwenye juisi na kulitupa nyuma ya friji, na kila dakika ya kazi hiyo ilikatwa kwenye uniti za umeme wa LUKU. Kwa hiyo ndani ya kifuko kuna maji, kuna tunda, kuna jani, na kuna usiku mzima wa mtu.

Tabora inalijua swali la bei ya maji tangu zamani, maana bila njia ya misafara mji huu usingekuwa hivi ulivyo, na njia hiyo ilipimwa kwa visima. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya safari ya siku 134. Kabla ya kufika Unyamwezi walivuka sehemu ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali, shamba lenye ukali, nyika kavu kati ya Ugogo na Tura. Treni ya leo inapotoka Manyoni na Itigi kuelekea Tabora hupita katika nchi hiyohiyo, na abiria anayelala dirishani hawezi kujua kwamba chini ya usingizi wake kuna mahali ambapo kibuyu cha maji kilikuwa na uzito wa roho ya mtu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, vitambaa au shanga za kilo 30 na zaidi, na juu ya hayo kila mmoja alikuwa na maji yake ya kulinda.

Huko Ugogo maji yalikuwa machache na wenyeji walijua thamani yake. Hongo waliyotozwa wakuu wa misafara, kwa vitambaa na shanga, ilifungua njia na pia ilifungua visima. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira kuhusu hongo hiyo, wengine wakaiita unyang'anyi. Mgogo angejibu kwamba msafara wa watu mamia kadhaa unaweza kukausha kwa siku mbili kisima kilichotegemewa na ng'ombe wa kijiji hadi mvua irudi. Mgeni anaondoka na maji tumboni, mwenyeji anabaki na matope. Ukiitazama hivyo, hongo ilikuwa njia ya kusema kwamba hata kiu ya mpita njia ina mtu anayeilipia.

Na kwenye njia hiyohiyo walipita watu ambao wao wenyewe walikuwa bidhaa. Mtumwa aliyefungwa mnyororo hakuwa na kitambaa cha kutoa hongo wala kibuyu cha kukiita chake. Anywe lini na kiasi gani, lilikuwa shauri la aliyemnunua. Mjadala wowote kuhusu kuuza na kununua ukifanyiwa Tabora lazima umkumbuke huyo, maana biashara ya njia hii ilishawahi kuvuka mpaka ambao hakuna hoja inayoweza kuutetea.

Waislamu wa misafara walikuwa na sheria iliyofikiri sana juu ya maji. Imepokewa kutoka kwa Mtume Muhammad kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mafakihi walilichambua neno hilo kwa makini. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, maji yaliyo mtoni au kwenye chemchemi ni ya wote. Mwenye kuchimba kisima ana haki ya kutangulia, lakini maji yanayozidi haja yake hana ruhusa ya kumnyima binadamu au mnyama mwenye kiu. Yakishatekwa na kutiwa chomboni, hapo yanakuwa mali, na mtu anaweza kuyauza. Kitu kinachobadilisha hukumu ni mkono ulioinama kuteka.

Ajabu ni kwamba mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake cha serikali kilichotoka mwaka 1689, alitumia mfano uleule: maji yanayotiririka ni ya kila mtu, ila yaliyo ndani ya mtungi ni ya aliyeyateka. Hao ni watu wa dini mbili na zama tofauti, na wote walipotafuta mahali ambapo zawadi ya Mungu inageuka kuwa mali ya mtu, waliishia kwenye chombo.

Chombo, hata hivyo, hakimalizi maneno. Wasimulizi wa Kiislamu wanakumbuka kisima cha Ruma huko Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji yake. Inasimuliwa kwamba Uthman bin Affan alinunua kwanza nusu ya kisima, siku moja yake na siku moja ya mwenye kisima. Siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya siku mbili, na siku ya pili muuzaji akakosa mteja, mwishowe akauza na nusu iliyobaki. Kisima kikawa wakfu. Katika kisa hicho hakuna aliyemnyang'anya muuzaji. Haki yake ilitambuliwa, ikalipwa, kisha ikafutwa kwa ajili ya wote. Karne nyingi baadaye Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya chemchemi hadi mjini kwa mabomba na watu wakayateka bure. Hapo pia kuna mtu aliyetoa fedha ili mwingine asitoe.

Tabora ina mwanafikra wake wa jambo hili, ingawa watu humkumbuka zaidi kwa mambo mengine. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, na kuanzia 1946 hadi 1949 alifundisha St. Mary's mjini humohumo. Januari 1958 alirudi kwenye mkutano wa chama cha TANU uliokubali masharti ya kura tatu, mkutano ambao bado unatajwa kila historia ya uhuru inaposimuliwa. Mwaka huohuo aliandika makala ya Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, na binadamu hawezi kudai ameiumba. Anachoweza kukidai ni jasho lake: mtu akitengeneza kitu, kitu hicho ni chake kwa sababu ya kazi aliyoiweka, na akisafisha pori, haki yake iko kwenye ule usafi, udongo wenyewe si wake.

Hoja hiyo ikiwekwa juu ya deli la barafu, inakaa vizuri kuliko inavyokaa juu ya shamba. Shamba lililosafishwa hubaki shamba, na mwenye kulisafisha anaweza kuzeeka akilidai, kisha watoto wake wakalidai, kisha wajukuu wakagombana mahakamani. Kazi iliyowekwa kwenye barafu hujifuta yenyewe. Saa moja juani, na kilichokuwa mali ya mtu kimerudi kuwa maji ya ukwaju. Mali ya namna hii hailimbikiziki kirahisi. Hakuna muuza barafu wa mtaani anayeiweka ghalani akisubiri bei ipande.

Waliwahi kujaribu watu wenye nguvu kuliko mama wa Tabora. Mwaka 1833 meli ya mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, ilisafirisha tani 180 za barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Marekani hadi Calcutta, safari ya miezi 4 inayokaribiana na siku za Burton kutoka pwani hadi Kazeh. Ilifika ikiwa na kama tani 100. Nyingine zilinywewa na bahari njiani. Tudor alitajirika, lakini hata yeye alikuwa akifanya biashara kwa masharti ya jua.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Kiu ni haja, barafu ni anasa. Maji ya kunywa yapo, na sasa mji wa Tabora unapata hata maji ya Ziwa Victoria, baada ya miaka mingi ya kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Shilingi mia ya mtoto ingenunua penseli. Sukari inaharibu meno. Kwa nini basi mwanafalsafa asumbuke na kitu ambacho mtu akikikosa hafi?

Dini zenyewe zinajibu, na jibu lao linashangaza kidogo. Katika mapokeo aliyoyakusanya Tirmidhi, miongoni mwa mambo ya kwanza mja atakayoulizwa Siku ya Kiyama kuhusu neema ni afya ya mwili na kunyweshwa maji baridi. Yangetajwa maji peke yake ingeeleweka. Imetajwa baridi. Na katika Injili ya Mathayo, sura ya 10 aya ya 42, mtu anayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji hakosi thawabu yake, na hapo napo maji hayo ni baridi. Wamisionari wa Afrika, waliofika Tabora mwaka 1878 wakiwa nao wamepitia Mgunda Mkali, bila shaka waliisoma aya hiyo kwa makini zaidi kuliko walivyoisoma Ulaya.

Kwa nini baridi? Kabla ya friji, kwa kawaida maji yalikuwa baridi kwa sababu moja kati ya mbili: yametekwa sasa hivi kutoka kina kirefu, au yametekwa mapema na kutunzwa. Babu na bibi wa Unyamwezi waliijua njia ya pili kwa mtungi. Mtungi wa udongo ukiwekwa kivulini, kwenye kona inayopitisha upepo, hutoa jasho. Maji kidogo yanapenya hadi nje, yanakauka, na kila yanapokauka yanaondoka na joto la yaliyobaki ndani. Mgeni akifika na vumbi la safari, anachotewa kwa kata na anakunywa kitu ambacho jua la mchana halijakigusa. Lakini lazima mtu awe ameyateka asubuhi, amefunika mtungi, na amekumbuka kuujaza tena. Baridi ile ilimwambia mgeni kwamba kuna aliyemfikiria kabla hajafika.

Huo ndio uhusiano kati ya mtungi na deli. Tofauti ni kwamba mtungi haukuwa na mita. Jasho lake lilitolewa na upepo, na upepo haukatwi uniti. Friji imeichukua kazi ileile ya kumfikiria mtu kabla hajafika na kuiwekea bei ya umeme, na ndiyo maana muuza barafu anajikuta kwenye mpaka ambao mwenye mtungi hakuujua. Kwa kila kifuko anauza fikra yake ya jana kuhusu kiu ya leo. Anayo haki ya kuiuza, kwa hoja ya mafakihi, ya Locke na ya Nyerere kwa pamoja. Kisichouzika, kwa hoja za haohao, ni kiu ya mtoto aliyesimama pembeni. Mama mwenye busara huwa na chupa ya maji ya kawaida ndani ya deli, na anayeomba maji hamuulizi hela.

Nafasi ndani ya friji nayo ni jambo la haki. Jambo hilo liliwahi kuipa fizikia jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza ashikrimu na wenzake. Waligombania nafasi kwenye friji, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto ili asikose mahali. Akakuta yameganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Walimu hawakumwamini na wenzake wakamcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sharti gani. Ila chanzo chake kinajulikana kwa kila nyumba yenye friji moja na majirani kumi: nafasi ya baridi haitoshi, na kila mtu ana chupa yake ya kuingiza. Nyumba nyingi za Tabora zina sheria zake zisizoandikwa kuhusu nani anaweka nini, na jirani mwenye mgonjwa hupewa sehemu ya juu bila kuomba.

Msimu nao unaamua. Mvua zikishaanza na miembe ikaiva kati ya Novemba na Januari, embe zinakuwa nyingi mpaka zinaoza chini ya miti, na anayezigandisha anaziokoa. Miembe ya Tabora, kama ile ya Ujiji, ni ukumbusho wa njia ya misafara, maana embe lilipanda bara pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Porini kuna furu, mbula na ntonga, matunda ya miombo ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji, wameyashughulikia kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo misitu, ICRAF, hadi vikundi vya kina mama vikafundishwa kuyatengeneza juisi na jamu. Ntonga ina gamba gumu kama mpira wa mbao na nyama yenye utamu uliochanganyika na ukali wa ndimu. Aliyeijaribu kwenye kifuko pamoja na asali ya Tabora badala ya sukari hapendi kurudi nyuma, ila asali inaganda kwa uvivu na inataka usiku mrefu.

Wakati wa Ramadhani saa za biashara hugeuka. Deli halionekani mchana, na linatoka jua linapokaribia kuzama. Barafu ya tende na hiliki, au ya ukwaju na tangawizi, inakaa mezani karibu na uji na mihogo ya futari. Wakati huo hata anayeuza huongeza kifuko juu ya vile vilivyolipiwa, na hakuna anayehesabu.

Mtihani wa kweli huja siku umeme unapokatika. Saa nane mchana feni inasimama na friji inanyamaza, ukimya ambao mwenye barafu anausikia akiwa hata uani. Friji iliyojaa na isiyofunguliwa hustahimili saa kadhaa. Ikifika saa kumi na moja vifuko vya juu vinaanza kulegea. Kuvigandisha upya kunawezekana, lakini barafu iliyorudiwa huwa na mchanga mdomoni: maji hujitenga na utamu, na mteja wa kesho atajua. Kuviuza nusu bei kunawezekana pia, na wapo wanaofanya hivyo. Njia ya tatu ni kumtuma mtoto akawaite wenzake.

Je, hiyo ni sadaka? Mwenye kushuku atasema mtu aliyetoa kisichoweza kubaki hajatoa kitu, na Uislamu wenyewe unafundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia. Lakini pingamizi hilo linasahau ile nusu bei. Shilingi hamsini hamsini, mara vifuko arobaini, ni uniti za LUKU za siku kadhaa. Mama anayeamua kugawa ameiona hesabu hiyo na ameipita. Tena, ukifuata hoja ya mwenye kushuku hadi mwisho, hakuna sadaka itakayobaki duniani, kwa kuwa aliyetoa shamba au nyumba naye alitoa kitu ambacho angekiacha siku ya kufa. Muuzaji wa Razi aliomba ahurumiwe kwa sababu mtaji wake unayeyuka. Hakusema kwamba mitaji ya wale waliosimama mbele yake haiyeyuki. Barafu ilikuwa imewahi tu.

Kufikia magharibi uani pamejaa. Watoto kumi na wawili hivi, wengine wa mtaa wa pili ambao hakuna aliyewaita, wamekaa kwenye msingi wa nyumba na midomo imekuwa ya rangi ya ukwaju. Vifuko vilivyolainika kabisa vinakatwa kwa mkasi na kumiminwa kwenye jagi, majani ya mnanaa yakielea juu. Kikombe cha kwanza anapelekewa bibi, ambaye meno yake hayajaruhusu barafu kwa miaka mingi. Anakunywa taratibu, anasimama katikati, anaonja tena.

"Humu mmetia mchaichai," anasema. "Mmeutoa wapi, wa kwetu si ulikauka?"

Mama anajibu kwamba ni wa jirani, alikata mabua matatu jana usiku. Bibi anaangalia upande wa ukuta wa jirani, kisha anauliza kama na kule wameshapelekewa.